Gari la Picha Lililoingia Matangani

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, Dzitsani, Kaunti ya Kwale
Jina: Kache Mangi
Umri: miaka 49 (shahidi anasema "karibu na hapo")
Kazi: muuza viazi karai na bajia, stendi ya Ukunda
Makazi: Ukunda
Yamechukuliwa na: Konstebo Winrose Mbula
Tarehe: Jumamosi, 15 Novemba 2025, kuanzia saa nane na nusu mchana

Mimi ndiye Kache Mangi niliyetajwa hapo juu. Nimeambiwa niseme niliyoyaona mwenyewe, ya kuambiwa niyaache. Afande Winrose ameniamkia shikamoo nami nimemwitikia marahaba, ana adabu huyu binti, lakini kalamu yake inatambaa kama konokono na mimi nina maiti nyumbani. Namwomba aandike vile vile ninavyosema, asinipambie.

Garama mliyemfungia hapo nyuma ni mwana wa dada yangu. Dada yangu ni Hafsa Mangi, amefariki jana usiku hospitalini Mombasa. Huyo Garama ndiye mwanawe wa pekee. Ndiye wa kuingia kaburini ampokee mamake, na maziko ni leo baada ya alasiri. Hili naliweka mbele kabisa, afande, ili ujue kwa nini nakuharakisha.

Mnamo leo tarehe 15, saa mbili asubuhi, nilikuwa Kombani pale njia ya kwenda Kwale inapochepuka. Tulikuwa tumepatana na Garama kwamba gari la kumleta marehemu litanichukua hapo. Kwetu mwanamke aliyekufa haletwi na wanaume watupu, lazima mbele akae mwanamke wa damu yake. Garama aliniambia ni gari kubwa jeupe la kukodi. Nikangoja. Saa tatu ndugu waliokuwa Mombasa wakanipigia kwamba hospitali bado haijawapa ruhusa, nitangulie tu, binamu yetu mmoja atakaa mbele badala yangu.

Hapo hapo likatokea gari kubwa jeupe. Lilikuwa likiendeshwa na Nzioka. Nzioka namjua, ni dereva wa wageni, kila asubuhi anakula viazi vyangu na anapenda ukwaju mwingi. Mkewe ni yule aliyegombana na... Afande ananiambia habari za mke wa Nzioka si za hapa. Haya.

Nzioka akaniuliza, "Mama Kache, mbona umejifunga kaniki asubuhi yote hii?" Nikamwambia nina msiba Dzitsani. Akasema, "Pole sana. Panda, sisi tunapita huko huko."

Nikapanda. Gari lenyewe ni nyumba. Ndani mna kitanda, jiko, friji na choo. Choo, afande! Mtu anatembea na choo chake mgongoni kama kobe. Wenyewe ni mume na mke kutoka Nairobi, mume anaitwa Samuel, mke Caroline. Wanazunguka nchi wakipiga picha na kuziweka kwenye simu watu wazione. Wakanipa pole vizuri sana. Samuel akasema, "Usijali mathe, tutakufikisha chap chap."

Nikampigia Garama kule nyumbani Dzitsani nimweleze. Nikasema, "Niko garini, tunakuja." Kabla sijasema gari gani, salio likaisha. Hilo ndilo kosa langu mimi, na liandike.

Kutoka Kombani hadi Dzitsani ni safari ya saa moja na kidogo. Tulifika saa sita na nusu. Nitaeleza.

Kwanza tulisimama Golini, tukiwa bado tunapanda mlima. Samuel akageuka akaona bahari kule nyuma, akapiga kelele, "Nzioka simama! Hii vyu imeweza!" Nikadhani gurudumu limetoka. Wakashuka. Caroline akavaa gauni la njano, akakaa juu ya gari, akashuka, akapanda tena kwa sababu upepo ulimharibia nywele. Mimi nimekaa na kapu langu la mchele wa matanga mapajani.

Tukaenda kidogo, tukasimama msituni kabla ya Kwale. Kuna nini? Jua limepita katikati ya miti. Afande, jua linapita katikati ya miti kila siku ya Mungu. Tukapita Kwale, tukasimama penye kichuguu. Kichuguu! Amekizunguka kile kichuguu kama bwana harusi. Tukasimama penye silanga, ng'ombe wanakunywa maji, Caroline yuko kwenye gauni jekundu sasa, na yule mchungaji anauliza kama ni watu wa kura. Kila mara Samuel ananiambia, "Dakika mbili tu mathe."

Pale silangani ndipo aliponitazama, akasema, "Mathe, hebu shuka. Hiyo nguo nyeusi na huu udongo mwekundu, aki itatoka poa. Simama hapo, angalia mbali, kama unafikiria kitu."

Nikamwambia, "Mwanangu, mimi naenda kuzika."

Akasema, "Najua, pole. Picha moja tu, halafu hatusimami tena."

Basi nikashuka, ili tuondoke. Nikatazama mbali. Alipiga picha nyingi, akaniambia uso wangu una hadithi. Tulipoondoka hatukufika mbali, tukasimama penye mbuzi aliyepanda juu ya ukuta.

Caroline naye akachoka. Nilimsikia akimwambia mumewe, "Sam, mimi leo sishuki tena hata ukiona simba anaendesha baiskeli." Akaenda kitandani nyuma, akafunga mapazia, akajifunika shuka jeupe kutoka kichwani mpaka miguuni, kwa sababu ya ile baridi ya mashine ya hewa, usingizi ukamchukua. Mwanamke mwembamba. Naomba afande aandike kwamba ni mwembamba, na dada yangu naye ugonjwa ulikuwa umemmaliza, amebaki kama fimbo.

Tulipofika kona ya mwisho, boma letu linaonekana na watu wamejaa uani, Samuel akasema tena simama. Safari hii yeye peke yake akashuka, akapanda kitutani. Akamwambia Nzioka, "Washa taa zote, ingia pole pole kabisa, nikuchukue ukifika."

Afande, gari jeupe limefungwa mapazia, taa zinawaka mchana kweupe, linaenda mwendo wa kinyonga, na mbele nimekaa mimi na kaniki yangu. Nilipoliona boma nilishindwa kujizuia. Njia nzima sikulia, nilikuwa na hasira, mtu hawezi kulia na hasira. Pale hasira ikaisha. Nikalia kwa sauti.

Wewe ungedhani nini?

Uani wakapokea kilio. Nzioka akasimamisha gari, nikashuka nikasema, "Hayumo! Hafsa hayumo!" Wanawake wakanivamia, huyu kanikumbatia, yule kanishika mdomo. Wananiambia, "Subiri Kache, ni amri ya Mungu." Kila mfiwa hukana hivyo, kwamba wake hayumo, hata mimi nimeshawaambia wengine wanyamaze hivyo hivyo. Kadiri ninavyokataa ndivyo wanavyozidi kunifariji. Kuna mmoja alinimwagia maji kichwani.

Wanaume wakamwambia Nzioka afungue mlango. Nzioka ni Mkamba, hajui mambo yetu, alidhani wanataka kumsalimia mgeni. Akavua kofia, akafungua.

Maiti wa kike kwetu hashikwi ovyo. Alishikwa na Garama upande wa kichwa, na kaka yetu Chome upande wa miguu, kwa kuwa ndio maharimu wake, ndugu wa damu asioweza kuolewa nao. Wanawake wakainua leso juu pande zote mbili, ziwe ukuta, mtu wa nje asione umbo lake. Kwa hiyo hata Nzioka aliyesimama pale hakuona ni nani anayetolewa. Aliona leso tu. Mimi pia niliona leso. Nasikia shahada inasomwa, inaelekea mlangoni kwa dada yangu, nami napigana na wanawake sita.

Naye mume wa mtu yuko kitutani, anapiga picha. Amekiri hapa mbele yangu kwamba alidhani tumewaandalia mapokezi. Mkewe anapelekwa kuoshwa, yeye anasogeza kamera apate leso zote! Afande anacheka, lakini aandike.

Wamebakisha hatua chache, ndani ya shuka ikatoka sauti, "Sam, tumefika?"

Sijui nieleze vipi. Leso zilianguka zote mara moja. Maalimu aliyekuwa akisoma shahada, mtu mzima wa heshima zake, alipita juu ya ua wa miba na kanzu yake. Chome aliachia miguu akakimbilia chooni akajifungia, na mpaka naondoka kuja hapa alikuwa bado humo, anaongea nasi kwa dirisha, amesema hashiki maiti yeyote tena mpaka kiyama. Uwanja ulibaki mtupu, sufuria za wali zinachemka peke yake.

Garama hakukimbia.

Hili ndilo lililonileta hapa, sasa polepole, afande, hili liandike sawasawa. Yule mwanamke ameandikisha hapa kwenu kwamba watu wote walimwachia isipokuwa mmoja aliyemng'ang'ania. Ni kweli. Miguu ilipoanguka, Garama alikaa chini kwenye mchanga akakipakata kile kichwa mapajani, shuka bado limefunika uso. Akasema, "Mayo." Ndivyo tunavyomwita mama kwetu. Akasema, "Mayo, nipo. Polepole, nipo." Mwanamke anapiga mayowe, anampiga makofi, amemkwaruza hapa shavuni, alama mmeziona. Yeye anamshika tu, anamwambia polepole.

Halafu shuka likatoka. Zikaonekana nywele za rasta rangi ya zambarau.

Garama alimtazama. Akamwachia taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Akaokota lile shuka, akalikung'uta mchanga, akalikunja, akampa.

Samuel akafika mbio, anapiga kelele, "Mke wangu anatekwa!" akapiga simu polisi. Mimi nasema, Nzioka anasema, hasikii mtu. Gari lenu likaja, mkamuuliza Garama kwa nini alimshika mke wa mtu. Hakujibu. Mkamwambia apande, akapanda. Mmeniambia tangu ameingia hapa hajafungua mdomo, na kwamba mtu asiyejitetea ana jambo. Ana jambo kweli. Amefiwa na mama mara mbili siku moja, na mara ya pili ilikuwa mikononi mwake. Mlitaka aseme nini?

Saa saba na nusu lile gari la kweli likafika. Hakuna aliyelisogelea. Watu walisimama mbali kule kwenye mihindi, wanachungulia. Dada yangu, aliyekuwa akipikia matanga ya kijiji kizima, amelala garini na hakuna wa kumpokea. Nilimwingiza mimi na binamu yangu na wazee wawili wa kike, mmoja haoni vizuri. Tumemuosha, tumemvisha sanda. Nilimwangalia uso. Nilimwambia Garama anakuja sasa hivi, nikatoka nikachukua bodaboda.

Sina ubaya na hao wenye gari. Caroline tumekaa naye hapo kwenye benchi, ameniuliza yule kijana alikuwa akisema nini alipomshika. Nikamwambia maana yake. Akainuka, akamwendea mumewe kule nje. Waliyosemezana ni yao, ingawa nilisikia mengi, na kamera imetupwa ndani ya gari kwa nguvu. Afande anasema hilo pia si la hapa.

Niliyoyaona ndiyo hayo, ndiyo maelezo yangu, mengine siyajui. Garama hakuteka mtu. Naomba nisisomewe yote, nimeyasema mwenyewe, nayajua. Niletee hicho kidau cha wino nitie dole. Alasiri inaadhiniwa muda wowote.

(Dole gumba la kulia)
Kache Mangi

TAARIFA YA AFISA: Maelezo haya nimeyaandika mimi Konstebo Winrose Mbula kama yalivyosemwa. Nimemsomea shahidi aya mbili, amekataa zilizobaki akatia dole. Saa tisa na dakika ishirini mlalamikaji, Bi Caroline, ameingia peke yake akaondoa malalamiko yake kwa mdomo na kwa sahihi. Mkuu wa kituo ameidhinisha mshikwa aachiliwe mara moja. Nimemfungulia mwenyewe na kumweleza kwamba anatakiwa kaunta kutia sahihi na kupokea vitu vyake. Amesema "Ahsante, afande," akatoka akikimbia. Sahihi haijachukuliwa. Viatu vyake, jozi moja ya sandali nyeusi, bado viko kituoni.