Majivu mu kamuti ka Furaha

Siku ya ine, mangaribi

Kumbe ni yeye. Nilikuwa najiuliza sababu gani majani inageuka manjano, na leo nimekuta mama mukwe wangu anamwanga majivu ya jiko mu sufuria ya zamani mwenye nilipanda canneberge, kale kamuti ka matunda madogo mekundu binti yangu Furaha aliniletea toka Canada.

"Mama Furaha, nakusaidia," akasema, na kicheko. "Ndizi zetu za Nyangezi zinakulaka majivu, zinanona."

Hakufanya vile kwa kutojua. Mwezi uliopita alikuwa ameikala karibu yangu wakati Furaha alisema mu simu: "Maman, kanapenda udongo mukali. Majivu inaondoa ule ukali, itakaua." Tulisikia sisi wawili.

Nilitoa udongo wa juu na vidole, nikaongeza maji ya mvua. Kalikuwa na ua moja, ya kwanza. Imeanguka.

Mama mukwe akaongeza: "Watoto wa wengine wanatumaka tiketi ya ndege. Wako alikuletea majani. Ikikauka, unipatie ile sufuria, nipande mboga ya lengalenga."

Papa Furaha alikuwa pale, anakula. Aliomba chumvi.

Furaha anapigaka simu kila dimanche, siku ya Mungu. Anauliza kwanza kamuti, anataka nikaonyeshe mu simu, halafu njo anauliza: "Na wewe, Maman?" Kabla ya kamuti, alikuwa anaweza kumaliza miezi bila kupiga.

Kakikufa, sitamwambia. Nitasema kamera imeharibika. Sijui ataniamini mara ngapi.