Siku Sita kwa Miezi Mitatu

Usagara, Tanga

Kwako Masoud, roho yangu,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, na mikono bado naitazama kana kwamba hina ya harusi haijafutika.

Wanafunzi wako wa tuisheni ninao, ingawa hesabu zangu ni za kidato cha nne. Uwiano nimewafundisha kwa wali: vikombe viwili vya tui kwa kimoja cha mchele. Walifurahi! Jana wakataka mfano mwingine. Nami kukutaja tu ni raha, nikaropoka: "Mwalimu wenu alihamishiwa Kigoma kabla fungate haijaisha. Tumekaa pamoja siku sita katika miezi mitatu ya ndoa. Kwa mwezi mmoja ni siku ngapi?"

"Mbili, Bi harusi!" akajibu Tausi akiandika daftarini, kisha akaendelea mwenyewe: "Na kwa mwaka, ishirini na nne!"

Wenzake wakacheka.

Ombi lako la kurudi Tanga nimekwenda kuliulizia ofisi ya elimu mara ya tatu. Wanasema nisubiri.

Mpenzi, nililipekua daftari la Tausi nikitafuta kosa, nikarudia tena. Sikuliona. Nikamwekea vema.

Mkeo akupendaye mno,
Semeni