Nilimwalika Keren, Kambo Akaitika

Mama Syntiche mpendwa,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, si mama yangu, si rafiki yangu Donat, wala padri katika kitubio: kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikimwalika msichana tutembee pamoja, kila siku baada ya shule, lakini ninayemwambia maneno hayo si yeye, ni mlango wa kabati la nguo. Nina miaka kumi na saba, niko mwaka wa tano wa sekondari, tunakaa Katuba, na msichana mwenyewe anaitwa Keren, tunakutana maktaba ya parokia kila Jumatano, na mwezi wa Aprili, aliporudisha kitabu cha jiografia, aliniambia kwamba amezaliwa Lubumbashi lakini hajawahi kupanda ile bustani ya kilimani iliyo kwenye barabara ya Kipushi, kwa kuwa kwao wote wako dukani na hakuna mwenye nafasi ya kumpeleka, na mimi pia sijawahi, lakini tangu siku hiyo sifikiri kitu kingine.

Mpango wote nimeuandika katika daftari. Saa mbili asubuhi tunapanda taxibus, saa tatu tuko bustani ya wanyama kabla simba hajalala, saa tano makumbusho, saa nane tunaanza ngazi za kilimani, ambazo Donat aliyekwenda na skauti anasema ni mia moja themanini na sita, na nimetia alama mahali pa kupumzika, na juu kabisa kuna ukuta mfupi ambapo unauona mji wote, lile bomba refu la kiwanda na mlima mweusi wa mabaki ya shaba kando yake, na miti ya mtaa wa Golf, na ukigeukia upande wa pili ni msitu na mashamba kuelekea Zambia. Mama Syntiche, nikifikiria tu, moyo unanidunda hadi nasahau kula.

Sasa sikia kilichonipata. Jumanne iliyopita nilikuwa mbele ya kabati, nikasema kwa sauti, "Ningependa twende pamoja kilimani Jumamosi ya kwanza ya likizo, kama utakubali," na sauti ikajibu nyuma ya pazia, "Minaitika, bwana yangu. Tunaenda saa ngapi?" Alikuwa nyanya yangu mzaa mama, Kambo Victorine, ambaye tangu nizaliwe ananiita bwana yake nami namwita bibi yangu, maana kwetu bibi ni mke, na wazee na wajukuu hutaniana hivyo, nikimpelekea chai iliyopoa ananiuliza kama nimepata mke mwingine. Alikuwa amesimama na beseni la sombe, yale majani ya muhogo, uso wote umejaa furaha, nami nikajikuta nimesema, "Saa mbili."

Hiyo saa mbili ndiyo imeniua. Kabla jua halijatua alikuwa amewaambia akina mama wote wa kikundi chake cha kanisani, hasa Mama Mado, ambaye mwanawe mwenye gari alimpeleka huko mwaka jana, na tangu wakati huo hakuna Jumapili inayopita bila yeye kuwaeleza wenzake jinsi upepo wa kule juu ulivyo. Mama Mado akauliza kama huyo bwana mdogo anaijua hata njia. Kambo amepeleka kitenge kwa fundi. Magoti yake yanamsumbua, lakini sasa kila asubuhi anauzunguka uwanja wetu, anasema anayazoesha.

Nafasi ni Jumamosi hiyo moja tu, kwa sababu Jumatatu yake Keren anakwenda Kasenga kwa shangazi yake hadi shule zifunguliwe, na mama haniruhusu kutoka kutwa nzima mara mbili. Nikimwambia Kambo ukweli, ataaibika mbele ya Mama Mado. Nikimpeleka, Keren ataondoka bila kujua chochote. Nimewaza kujifanya mgonjwa. Nimewaza hata kuwapeleka wote wawili, lakini Kambo ataniita bwana yangu mbele ya Keren, kwa sauti yake ile, na nitatamani ngazi zote ziniangukie. Nifanye nini?

Mwanafunzi wa Katuba

*

Mwanangu wa Katuba,

Nimekusoma mara mbili, ya pili nikicheka, unisamehe. Pole kwa moyo unaodunda. Huo si ugonjwa.

Lakini hebu tazama daftari lako. Simba umempangia saa yake, ngazi ya kupumzikia unayo, na katika kurasa zote hizo hakuna dakika moja ya kumwuliza Keren. Msichana huyo hajakukataa wala hajakukubali. Hajui. Mtu pekee aliyeusikia mwaliko wako akaupokea ni mama mzee mwenye magoti mabovu, naye tayari yuko kwenye mazoezi, na wewe unawaza kujifanya mgonjwa. Hilo ndilo la kulionea haya, si kuitwa bwana. Unadhani Keren hana nyanya? Kutoka Kasai hadi Katanga, wazee wetu wana mdomo uleule.

Basi fanya hivi. Leo hii mwambie Kambo ukweli, na jina la msichana usilifiche. Kisha mwalike Kambo mwenyewe, ukimtazama usoni, kwa sababu hadi sasa hajaalikwa na mtu. Akikubali, mwombe akusindikize kwa kina Keren, mchana, mama yake akiwapo. Mama huyo hatamwachia binti yake aende kutwa na kijana asiyemjua, lakini nyanya aliyevaa kitenge cha Jumapili atamkaribisha kiti. Mama huyo akikataa hata hivyo, utampeleka Kambo, na utakwenda na uso wa sikukuu, si wa msiba.

Na mpango wako ufupishe. Futa makumbusho, futa na simba. Magoti hayo yatapanda kilima asubuhi, polepole, basi. Beba maji na sweta, mwezi wa saba kule juu kuna baridi.

Mama Syntiche

*

Jibu hili nilimtumia kwanza kijana mwenyewe, kabla ya kulichapa. Baada ya wiki tatu aliandika tena, akaniruhusu kuyachapa yote:

Mama Syntiche, nilimwambia Kambo siku ileile, alipokuwa akichambua maharagwe. Aliendelea kuchambua, moja moja, hadi nikajua nimemuumiza. Kisha akasema, "Basi miye njo bibi mukubwa. Huyo mudogo aje aniombe ruhusa." Nikamwalika, nikimtazama. Akasema atafikiri, akaniacha ningoje mpaka jioni.

Jumatano tulikwenda kwa kina Keren. Mimi niliishia kwenye salamu. Kambo na mama yake walizungumza saa nzima juu ya magoti, na mwishowe ruhusa ikatoka, mradi turudi kabla ya saa tisa. Mlangoni Keren aliniuliza kwa nini sikumwambia maktabani. Nikajibu kwamba nilikuwa naogopa, tangu Aprili.

"Aprili," akasema, akatikisa kichwa.

Jumamosi tulipanda, Kambo katikati, mkono mmoja kwangu, mwingine kwa Keren. Tulipumzika mara saba. Karibu na juu, mbele ya familia nzima iliyokuwa imekaa inakula vitumbua, Kambo akasema, "Bibi mudogo, shika muzuri, bwana yetu anachoka." Watu walicheka, Keren kuliko wote, na mimi sikufa. Mji wote ulikuwa chini yetu, mkubwa kuliko nilivyoandika. Kambo alitafuta paa la kanisa lake, akalipata, akataka apigwe picha likionekana nyuma yake, Mama Mado aone.

Keren aliniuliza makumbusho yako upande gani. Nikamwonyesha. Akasema angependa kwenda Septemba, akirudi, mama yake akikubali.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kuomba ruhusa hiyo. Kambo alikuwa amevaa tayari anisindikize. Nilimwomba abaki. Nikaenda hadi kwao Keren, nikabisha hodi peke yangu.