Kwa Kapteni Mara Moja, Aliyekataa Kuzunguka Tena

Mwaka umepinduka, Kapteni, tangu kindege chako kipitilize mwisho wa uwanja na kutumbukia mtaroni. Abiria wako wote walitoka wakitembea. Wewe peke yako hukutoka.

Mkeo angali na hasira nawe, tusikufiche. Waombolezaji walimwambia siku yako ilikuwa imefika. Akawajibu kwamba siku haikufika, ni wewe uliyeifuata. Mvua ilikuwa imenyesha, nyasi zinateleza, upepo unakusukuma kutoka nyuma, na magurudumu yaligusa chini ukiwa umeshakula nusu ya uwanja. Ungeipa injini nguvu, ukapaa, ukazunguka, ukaja upya. Lakini nani angekuambia? Sikio la kufa halisikii dawa.

Kurudia jambo hukutaka tangu zamani. Ukipotea njia na gari, hugeuzi. Tutakwenda mpaka barabara iishe, nawe unatuonyesha mandhari. Ukizidisha chumvi kwenye mchuzi, eti ndivyo ulivyokusudia. Marubani wenzako walikubandika jina la Mara Moja, nawe ukavimba kichwa.

Ulikuwa mwema, hilo hatulikatai. Abiria mwoga ulimkalisha karibu nawe na kumwimbia, vibaya sana, mpaka akasahau kuogopa. Na kabla ya kutua ulipita juu ya paa letu ili mkeo abandike chai. Siku ile pia alibandika. Ilichemka ikakauka, sufuria ikaungua.

Sasa sikia ya bintiyo. Kajiunga na shule ya urubani. Mkeo aliapa hatakanyaga huko, na nyumba ikanuna.

"Mama, nitakuwa mwangalifu."

"Hata baba yako alisema hivyo."

"Baba hakusema, Mama. Baba alicheka tu."

Mkeo akakivunja kiapo chake. Wiki iliyopita alikwenda kumtazama akiruka peke yake kwa mara ya kwanza. Kaka yako, fundi wa ndege, alimshika mkono pale kwenye uzio. Ndege ilikuja ikiwa juu mno, mkeo akafumba macho. Akasikia injini ikinguruma na kupaa tena. Bintiyo kazunguka. Akaja mara ya pili, haikumridhisha, akazunguka tena. Wanafunzi wenzake wakaanza kucheka.

"Huyu anaiogopa ardhi," mmoja akasema.

Mkeo akamgeukia. "Mwache azunguke, mwanangu. Sisi hatuna haraka."

Mara ya tatu alitua, taratibu, mwanzoni kabisa mwa uwanja. Mkeo alilia palepale akikutaja jina, na kukugombeza kidogo.

Unakumbukwa na mkeo, bintiyo mwanafunzi wa urubani, kaka yako fundi, mama yako mzazi, na shemeji zako uliowatania bila kuchoka.

Tungekungoja, Kapteni. Hatutakusahau kamwe.