Kitabu cha Upande wa Ukutani

Jumatatu, 2 Juni

Kimeniangukia tena. Ukurasa wa nungunungu. Nilisinzia kidogo tu baada ya ugali, mikono ikalegea, kona ya jalada ikanipiga mdomoni. Damu kwenye foronya! Jino la mbele linacheza.

Mke wangu Suzana alikisoma miaka sita humu humu kitandani na hakupata hata mkwaruzo. Kamusi elezo nzima, kilo nne na ushei kwenye mizani ya dukani. Kurasa chache kila mchana baada ya chakula, yeye upande wa ukutani akisoma kwa sauti, mimi nikisikiliza. "Tukifika Z, Gerson, tunaanza upya." Februari akafariki, tuko kwenye N. Nikiacha mimi, nani ataendelea?

Jioni Levina kapiga simu ya video. Nikageuza uso, lakini binti yangu ana macho. Nikasingizia mlango. Akasogeza uso karibu na kioo cha simu. Kisha: baba, ukiumia tena nakuja kukuchukua, utahamia kwangu Igunga, nyumba hiyo tuipangishe. Na hilo dude la mama atalipeleka shuleni anakofundisha, likasomwe na wenye nguvu. Chumba changu kiko tayari, anasema, kina vigae.

Sitaki vigae!

Jumatano, 4 Juni

Ukurasa wa nyanya. Nimejaribu kukiweka juu ya tumbo, kama alivyofanya Suzana. Yeye alikuwa na tumbo la kukiwekea, langu limeisha. Kikakaa kwenye mbavu, pumzi hazipandi. Nikageuka ubavu — kikalala juu ya miwani. Mguu mmoja umekatika, nimeufunga kwa uzi. Nimechoka. Mzee mzima nashindana na karatasi.

Alhamisi, 5 Juni

Abdulatifu kaja na kahawa yake. Jirani, mstaafu wa reli, Mzaramo. Kwa hiyo mtani, kwa hiyo haombi ruhusa kusema lolote. Siku ya kumzika Suzana aliingia kaburini akakataa kutoka mpaka apewe jogoo wangu mwekundu. Watu walicheka, hata mimi. Sikudhani siku ile ningecheka.

Leo kaangalia mdomo, kaangalia miwani, kacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mnyamwezi gani wewe! Babu zako walibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa mpaka kwetu pwani, wewe kitabu kimoja kinakushinda? Tena umelala!

Halafu akatoa ushauri wa maana. Au niliuona wa maana. Kitabu kining'inizwe kwenye boriti, pale pale chandarua kinapofungwa. Tumekitengenezea bembea ya kamba ya katani, kinashuka mpaka usawa wa macho, mimi kazi yangu kufunua tu. Nyati nimemsoma mwanzo mpaka mwisho bila kuumia. Raha!

Jumapili, 8 Juni

Naandika kwa kushoto. Ukurasa wa nyoka. Msumari ulichomoka. Kitabu, kamba, chandarua — vyote juu yangu. Chaga mbili za kitanda chini. Nikaita. Abdulatifu akaingia mbio kwa mlango wa uani, akanikuta nimenasa kwenye chandarua kama kambare. Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Hospitali: mfupa haujavunjika, mkono umeteguka. Bendeji. Mama mchungaji kaniona nikitoka.

Jumatatu, 9 Juni

Mama mchungaji kampigia Levina, bila shaka. Anakuja kesho na basi.

Jumanne, 10 Juni

Yuko sebuleni. Kaja na begi kubwa, tupu.

Abdulatifu alimtangulia, yuko hapa tangu asubuhi. Nawasikia. Anamwambia: baba yako nilimpiga mimi. Alinitukana, nikamchapa mwamvuli mkononi. Mtani hashitakiwi, nenda kaulize popote. Levina kacheka! Kicheko cha mama yake kabisa. Nikajua nimepona.

Kisha kauliza: na chandarua kilichochanika kule uani, Mzee Abdu, nacho kilikutukana?

Abdulatifu anamuuliza kama basi lilijaa.

Levina anasema anakuja kutandua shuka, azifue kabla hatujaondoka. Hatujaondoka! Amekwisha kuamua.

Kitabu kiko hapa kitandani. Nyuki, imebaki nusu ukurasa. Nimejaribu kukisukumia mvunguni, mkono mmoja hautoshi. Nimeweza tu kukisogeza mpaka upande wa ukutani na kukifunika kanga ya Suzana. Kimelala pale pake.

Hodi, baba.

Sijaitikia. Sitaki kwenda. Hodi ya pili. Nimeweka mkono wenye bendeji juu ya kanga. Akivuta shuka, atatuvuta wote wawili.