Nilipoisafisha Skrini ya Mama Upendo

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Baridi kali. Ukungu haujaondoka juu ya misonobari tangu asubuhi, na vidole vyangu vinaandika polepole kwenye simu ya mama.

Wiki hii yote sikuandika chochote. Si kwamba sikuwa na la kuandika. Niliogopa kuliona likiwa limeandikwa.

Basi leo naliandika: nilitengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika, na sikumuuliza mwenyewe.

Nasoma Mbeya, lakini nyumbani ni huku Iringa, nje kidogo ya Mafinga. Nilipofika likizo Mchungaji aliniomba niwe nakwenda ofisi ya usharika kuchapa majina ya watoto wa shule ya Jumapili, kwa kuwa alisikia nasoma somo la kompyuta. Nilifurahi kupita kiasi. Siku ya kwanza nilipiga pasi sketi mara mbili.

Ofisini nilimkuta Mama Upendo, katibu wa usharika. Yeye ndiye huchapa karatasi ya matangazo tangu enzi za mashine ya taipu, kabla mimi sijazaliwa. Kila Ijumaa anaandika wagonjwa wa kuombewa, ndoa, vikao, na shukrani za waliofiwa. Jumapili Mzee Mgaya, mzee wa kanisa, anaipokea ile karatasi na kuisoma mbele ya waumini wote. Anasoma kila kilichoandikwa, haongezi wala hapunguzi. Watu wanasema hata nukta anaisoma.

Kompyuta ya ofisi ilinishangaza. Skrini ilikuwa nyeusi tii, maandishi ya njano, makubwa kama ya kwenye ubao wa darasa la kwanza. Mshale wa mausi ulikuwa mnene kama kidole gumba. Kulikuwa pia na kidirisha cha kukuza maandishi kilichoufuata mshale kila ulipokwenda, kinaruka huku na huku hadi kichwa kiliniuma. Nilipofungua orodha yangu ya watoto, yalionekana majina manne tu, mengine yakamezwa chini. Kila baada ya majina manne nilipaswa kushuka tena.

Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu, Jumatano, Mama Upendo alikwenda kwenye mazishi ya Baba Agnes, jirani yake, nikabaki peke yangu.

Mwalimu wetu wa kompyuta hutuambia kwamba mtu nadhifu hujulikana kwa skrini yake. Nikafungua mipangilio. Nikarudisha ukubwa wa maandishi kwenye asilimia mia, pale kompyuta yenyewe inapopendekeza. Nikaondoa weusi na unjano. Nikazima kile kidirisha kinachoruka. Nikaupunguza mshale ukawa wa kawaida. Mwisho nikaweka picha ya maua ya zambarau nyuma yake, nikakaa nikiitazama kazi yangu kama mtu aliyemaliza kufagia uwanja.

Dakika kumi hazikufika.

Mama Upendo aliporudi, vumbi la makaburini likiwa bado kwenye viatu, nilimwita aje aone. Alivuta kiti, akakaa. Akaitazama skrini kwa muda mrefu.

"Nimekusafishia, mama," nikasema.

"Naona," akasema. Halafu akaongeza: "Una mikono myepesi. Asante, mwanangu."

Nami nikaamini. Niliona mtu mzima aliyefurahi hadi akakosa maneno. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilitembea kurudi nyumbani huku naimba.

Jumapili iliyopita familia ya Baba Agnes ilikuja kutoa shukrani. Huku kwetu wafiwa huja kanisani Jumapili ya kwanza baada ya maziko, wanasimama mbele pamoja, wanawashukuru waliochimba kaburi, waliopika, waliolala nao msibani. Mama Agnes alikaa benchi la mbele na khanga kichwani, watoto wake watatu pembeni yake.

Mzee Mgaya akavaa miwani, akaanza na wagonjwa. Jina la kwanza, la pili. La tatu akasoma jina kamili la Baba Agnes.

Akaendelea, kwa sauti yake ileile: "Anaendelea na matibabu, tuzidi kumwombea apate nafuu mapema arudi kwa familia yake."

Kisha mtu mmoja nyuma akasema, si kwa nguvu, lakini tulisikia wote: "Mzee, huyo tumemzika."

Mama Agnes hakulia. Alishusha khanga hadi machoni. Mtoto wake mdogo alimvuta mkono akamuuliza kitu, na yeye akatikisa kichwa.

Kumbe Mama Upendo huchukua karatasi ya wiki iliyopita na kubadilisha yanayohitaji kubadilishwa. Ijumaa ile alikusudia kufuta mstari wa Baba Agnes. Akafuta mstari wa chini yake, wa bibi mmoja ambaye hadi leo yuko hospitali, na ambaye siku hiyo hakuombewa na mtu.

Lakini hilo sikulijua bado. Nyumbani, wakati wa ugali, mama alikuwa amekasirika. Mama yangu naye ni mzee wa kanisa.

"Mama Upendo amechoka," alisema. "Baraza la wazee litakaa Jumamosi. Tutafute mtu mwingine anayeijua hiyo kompyuta." Halafu akanitazama, akatabasamu kidogo. "Ungekuwa umemaliza shule ningekutaja wewe."

Moyoni nilifurahi kutajwa. Naliandika hili kwa sababu nilijiahidi kuandika ukweli.

Jumatatu nilirudi ofisini. Mlango ulikuwa wazi na Mama Upendo hakunisikia. Alikuwa amesogeza uso kwenye skrini hadi pua ikakaribia kugusa kioo, kama mtu anayenusa mboga kujua kama imechacha. Alisogeza kichwa neno kwa neno. Kila alipofika mwisho wa mstari alipotea, akaanza upya.

Nikabisha hodi. Akajivuta nyuma haraka.

"Karibu, mwanangu. Hebu nisomee hapa, miwani nimeisahau nyumbani."

Miwani ilikuwa usoni pake.

Nilimsomea. Niliyasoma maandishi yale madogo, meusi juu ya weupe, na kila neno nililolitamka nilielewa zaidi nilichokifanya. Ule weusi, ule unjano, kile kidirisha cha kuruka, vyote vilikuwa macho yake. Mtu alimwekea. Mimi nikavitoa nikaweka maua.

Ningesema palepale. Sikusema.

Jumanne sikusema. Jumatano nilisingizia kichwa kinauma nikabaki nyumbani nikichambua maharage. Nilijiambia nikikiri mbele ya watu nitakuwa nimemtangaza kwamba haoni, nisipokiri ataonekana mzembe. Nilizunguka na fikra hiyo kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti. Kusema kweli sehemu kubwa haikuwa fikra, ilikuwa woga. Nilipenda kusifiwa, na sikutaka kuacha kusifiwa.

Alhamisi nilikwenda mapema kabla mtu mwingine hajafika. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri njia nzima, yote yakanipotea.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Ile Jumapili. Ni kosa langu mimi."

Alikuwa akifuta meza. Hakuacha kufuta.

"Najua ni wewe. Nani mwingine hapa angeweka maua?"

"Kwa nini hukuniambia nirudishe ilivyokuwa?"

"Ningekuambiaje? Nikuambie katibu wa usharika haoni, wewe mtoto, na mama yako ni mzee wa kanisa?" Akakaa. "Ulikuwa umefurahi. Nikasema, nitazoea. Wengine wote wanasoma hivyo, mimi nishindwe?"

Akanieleza. Presho ya macho. Ana dawa ya matone, anatia asubuhi na jioni. Miaka miwili iliyopita alikuja mwanafunzi wa uchungaji kwa mafunzo, akamwona anavyohangaika, akamtengenezea ile skrini bila kumwambia mtu, kisha akahamishwa. Mama Upendo mwenyewe hajui ilivyofanyika. Alichojua ni kwamba kila asubuhi akiwasha inakuwa hivyo, na anaweza kufanya kazi.

"Ijumaa nilipochapa niliona mistari kama sisimizi," alisema. "Nikafuta sisimizi asiyehusika. Nimemzika Baba Agnes Jumatano, Jumapili nimemwombea apone."

Hapo nililia. Yeye hakulia. Alinipa kitambaa kilekile alichofutia meza.

Tukakaa kuirudisha. Ajabu ni kwamba nilichokiondoa kwa dakika kumi sikuweza kukirudisha kwa urahisi, kwa sababu sikukumbuka kilikuwaje. Sikuwa nimekitazama. Nilikuwa nimekichukia tu. Kwa hiyo safari hii nilimuuliza.

"Hivi, mama?"

"Ongeza."

"Hivi?"

"Ongeza, usinionee huruma."

"Na hivi?"

"Hapo rangi inaniwaka. Punguza mwanga. Aaa, hapo. Hapo hapo, usiguse tena!"

Tulimaliza karibu na adhuhuri. Nilimwekea pia nafasi kati ya mstari na mstari kwenye karatasi ya matangazo, ili hata akikosea asiangukie jina la jirani. Alisoma kwa sauti tangazo zima la kikao cha akina mama, bila kusogeza uso. Halafu akasema, "La kwako utalisema wewe. La macho yangu niachie mwenyewe. Jumamosi njoo barazani."

Leo ndiyo Jumamosi.

Nilimwomba mama niingie kwenye baraza dakika tano. Aliuliza kwa nini, nikamwambia atasikia pamoja na wengine. Hakupenda, lakini hakunikatalia.

Mzee Mgaya alikuwa wa kwanza kusema, na alisema kwa uchungu. "Mimi nasoma kilichoandikwa. Nilishika koleo kaburini kwa mikono hii, kisha nikamwombea nafuu kwa mdomo huu. Naonekanaje mbele ya watu?"

Mama mmoja wa mtaa wa juu akamjibu, "Baba, hata ungeandikiwa kwamba Mzee Mgaya amefariki usiku wa kuamkia leo, ungesoma mpaka mwisho na amina ungesema."

Watu walicheka, hata Mchungaji. Mzee Mgaya hakucheka, lakini aliinamisha kichwa.

Ndipo nikasimama. Nilisema kwamba niliibadilisha kompyuta ya ofisi bila ruhusa ya anayeitumia, nikaifanya isimfae, na kosa la Jumapili lilitokana na mimi. Mzee mmoja akauliza lililotegemewa: rangi na maua vinamfanyaje mtu amwite marehemu mgonjwa?

Nikageuka kumtazama Mama Upendo. Jibu halikuwa langu.

Mama Upendo akasimama. Aliyasema yote, macho, matone, miaka miwili. Aliyasema kama anavyochapa, moja baada ya jingine, bila kupamba. Kisha akasema, "Nilificha. Nilifikiri mkijua mtaniambia asante kwa utumishi mrefu. Mkitaka kuniambia leo, niambieni. Lakini nikiwekewa skrini yangu naweza kazi, njooni mwone."

Wakaenda kweli, wote, wakajazana kwenye kile chumba kidogo. Mchungaji akamwamuru achape tangazo pale pale, akamtajia haraka haraka. Akachapa. Mzee Mgaya akaisoma ile karatasi ikiwa bado na joto la printa. Hakupata kosa. Akairudia tena.

Uamuzi wao haukuwa wa shangwe. Mama Upendo ataendelea hadi sikukuu ya mavuno, kisha watatazama tena. Na kila Jumamosi Mzee Mgaya atapita ofisini wasome pamoja kabla ya Jumapili. Wengine hawakuridhika, niliwaona. Mama Upendo alishukuru, akazima kompyuta, akafunga ofisi kwa ufunguo. Aliponipita mlangoni alinishika bega, akaniruhusu niandike haya, mradi nibadilishe majina. Nimeyabadilisha.

Bado sijui kama nimemwokoa au nimemwanika. Kabla sijagusa ile skrini alikuwa na kazi isiyo na tarehe ya mwisho. Sasa anayo hadi mavuno. Hilo siwezi kulirudisha kwa kubonyeza kitu.

Tulipokuwa tunarudi, mama alitembea mbele yangu hadi tukavuka daraja. Nilijua anakumbuka alivyonisifu wakati wa ugali. Nilijua pia anakumbuka alivyosema juu ya Mama Upendo, kwamba amechoka.

"Kwa Mama Agnes umeshakwenda?" akaniuliza.

Sikuwa nimekwenda. Wiki nzima nilikuwa nalia juu ya Mama Upendo, na yule aliyeshusha khanga machoni mbele ya kanisa nilikuwa namkwepa njiani.

"Kesho baada ya ibada," mama akasema. "Mimi nitabeba unga. Maneno utabeba mwenyewe."

Unga umeshapimwa, uko kwenye kikapu karibu na mlango. Mimi bado nayatafuta yangu. Nitaanza na shikamoo. Nitasubiri aniitikie. Na akiniitikia, je, nitaweza kumtazama usoni nikamwambia kwamba ni mimi niliyefanya mume wake aombewe kupona mbele ya watoto wake?