Niliposahau Ubeti wa Pili Redioni

Mujukuu wangu Mireille,

Yambo sana. Hapa Likasi tuko bazima. Mama yako anauza samaki wa ziwa Tshangalele, na magoti yangu yanauma kidogo tu. Umeniandikia kwamba utaimba redioni, ukaniuliza kama ni aibu kuimba wimbo wa muntu mwingine, moja kwa moja, watu wote wakisikia.

Miye niliimba hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Orkestra yetu ilialikwa redioni, tukachagua wimbo aliotunga mzee Kalenga, fundi wa kushona wa mtaa wa Kamatanda. Katikati ya wimbo, ubeti wa pili ukanitoka kichwani. Mpiga gitaa akanitazama. Sikunyamaza. Niliimba maneno yangu mwenyewe, juu ya mama yangu aliyefariki mwaka ule, mpaka wimbo ukaisha.

Kesho yake mzee Kalenga akafika kwetu na baiskeli. Nikaanza kulia.

"Papa, unisamehe, nimeharibu wimbo wako."

"Nyamaza, mutoto. Ile ya mama, imba tena."

Nikaimba pale mlangoni, naye akinifuata polepole, mara tatu, mpaka maneno yakamkaa kichwani. Tangu siku ile aliuimba hivyo mwenyewe, na kila mara alitaja kwanza jina langu.

Basi weye pia, taja jina la mwenye wimbo, kisha uimbe. Nitawaita majirani wote tukusikilize. Ukiogopa, imba hivyo hivyo.

Kambo yako,
Angélique